Nilitumwa Kuwapa Watu Pole Mikono Mitupu

Bwana Mhariri, jina langu lifiche, maana Makambako ni mji mdogo na ofisi yetu inasoma gazeti hili. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, nina mke na watoto. Kazi yangu ni kupiga mbiu sokoni kwa wakala mzungu anayeandikisha manamba, vibarua wa mkataba, wa kwenda kwenye mashamba ya mkonge, huko pwani.

Zamani kazi ilikuwa raha. Gramafoni inaimba, nami najigamba: "Njoo upate blanketi, rudi na baiskeli!" Watu wanacheka, wengine wananizomea, maisha yanaenda. Mwaka huu baridi imeunguza mahindi, Njombe nzima inalia njaa. Bwana wakala akaniita. "Baiskeli basi. Sasa uwe mpole. Waambie kwa Kibena kwamba kampuni imesikia shida yao, inawapa pole."

Jamani, mzungu huyu hajui kwetu pole haiji mikono mitupu! Anayekuja msibani huja na unga. Nami mjinga nikatangaza vile vile kijijini Kifanya, kofia mkononi. Kesho yake akina mama wakafurika kambini kwetu, wanakoandikishwa watu, na nyungo zao. Mbele yao alikuwa shangazi yangu, aliyenilea tangu mama afariki.

"Kamwene, mwanangu. Tumekuja kupokea. Unga uko wapi?"

"Shangazi, chakula kiko huko mkonge. Anayekwenda ndiye anayekula posho."

"Na sisi tunaobaki?"

Mwana mkubwa wa shangazi, ndiye anayemlimia, akasogea. "Kaka hawezi kutudanganya. Niandikeni, posho nitamletea mama." Loo! Posho haivuki geti la shamba, na mkataba ukishawekwa dole gumba hauvunjwi. Karani akamwandika jina, dole gumba atatia siku ya safari. Lori linaondoka Jumatatu. Nimemwambia ukweli kando, ananijibu eti namwonea wivu. Asiponisikia nikiutamka mbele za watu hataamini.

Bwana amefurahi mno. Jumapili anataka niseme maneno yale yale Uwemba, watu wakitoka kanisani, na binamu yangu huyo atakuwepo. Nikisema ukweli, kazi sina, na kidogo ninachompelekea shangazi kimekwisha. Nikirudia ile pole, mwanawe ameondoka na shamba lake limelala.

Shangazi hakunitukana. Aliweka ungo wake mlangoni pangu, akasema, "Ikifika hiyo pole, utaiweka humu." Upo pale hadi leo, mke wangu anauzunguka akipita. Ndugu wasomaji, mtu mzima nalia. Jumapili nikisimama mbele yao, niseme nini?