Namba ya Kuita Mvua

Watoto wa Muhuru Bay tuliamini kwamba ukizidisha namba 142857 kwa saba, mvua inanyesha papo hapo. Nilikumbuka juzi, binti yangu alipoibonyeza kwenye simu.

Mara mbili ilitoa 285714, mara tatu 428571: tarakimu zilezile zikifukuzana kama kuku! Mchana mmoja utotoni, kando ya omena ya mama, dagaa walioanikwa juani wakinuka hadi mbinguni, nilizidisha kwa saba mchangani. Zikatoka tisa sita tupu: 999999. Omena ikiloa, inaoza. Nikapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mpaka, Tanzania.

"Mama, anua omena! Mvua!"

"Mvua gani na jua hili, wewe?"

Dada Akinyi, aliyesoma sekondari, akazitazama zile tisa.

"Gawanya moja kwa saba, utapata hizo tarakimu sita zikijirudia bila mwisho. Ndiyo maana zinazunguka. Mvua inatoka kwa mawingu."