Salamu Sita Ndani ya Kerneli

Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani Bagamoyo, sina ajira. Asubuhi nilimsaidia dada yangu kwenye steshenari yake, kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Mchana nilifanya kazi ambayo sikuweza kumweleza mtu nyumbani ikaeleweka: nilipanga mafaili ya kerneli.

Kerneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayokaa katikati ya programu na vifaa. Kila kifaa kina kiendeshi chake humo, yaani faili la msimbo linalojua namna ya kuongea nacho. Mfumo ninaoutumia ni huria. Msimbo wake uko wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuusoma, na akiona kasoro anaruhusiwa kutuma marekebisho. Marekebisho hayo tunayaita viraka. Msimamizi anavisoma, na akiridhika anaviingiza kwenye kerneli.

Viendeshi vimepangwa kwa folda, vya sauti huku, vya mtandao kule. Lakini kulikuwa na folda moja ambayo kwa Kiswahili ningeiita Mengineyo. Humo kilitupwa kila kiendeshi ambacho mwandishi wake hakujua akiweke wapi. Msimamizi wa sehemu hiyo, mtu nisiyewahi kumwona, alitangaza kwenye barua pepe ya kundi kwamba amechoka. Viendeshi ambavyo hatapatikana mtu wa kuvipanga na kuvitunza vitafutwa katika toleo linalofuata.

Miongoni mwavyo kilikuwemo kiendeshi cha kihisi kidogo cha unyevu, yaani kifaa cha kupima unyevu wa hewa. Kihisi hicho nilikifunga kwa mikono yangu huko Kiwangwa, kwenye banda la mjomba la kukaushia mananasi. Kabla ya hapo mjomba alikuwa akibonyeza vipande kwa kidole na kukisia. Mara vimekauka kama ngozi ya kiatu, mara vimeota ukungu ndani ya mfuko. Sasa kijikompyuta cha ukubwa wa kiganja kilikuwa kinamwambia lini afungue banda na lini afunge. Sijawahi kutengeneza kitu kingine ambacho mtu anakitegemea. Kiendeshi kikifutwa, banda lingebaki na toleo la zamani lisilopata tena marekebisho, hadi siku ligome, na mjomba arudie kubonyeza.

Viendeshi vya vihisi humo vilikuwa sita, nikaamua kuvihamisha vyote kutoka Mengineyo kwenda folda yao vyenyewe. Kuhamisha kiendeshi ni kulitoa faili huku, kuliweka kule, na kuuambia mfumo limehamia wapi, kila kiendeshi kwa kiraka chake. Mwingine angemaliza kabla chakula cha mchana hakijaiva. Mimi nilikaa na kazi hiyo mpaka dada akaanza kuniuliza kama naumwa. Folda niliipa jina, nikalifuta, nikalirudisha, nikajiuliza kama aliyeandika msimbo miaka mingi iliyopita atakasirika kuona kazi yake imehamishwa bila kuulizwa.

Kilichonitesha zaidi yalikuwa maneno. Kila kiraka huambatana na maelezo ya aliyekituma. Nami nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto akitumwa kwa jirani kuomba chumvi, haanzi na chumvi. Anabisha hodi, anaamkia, anauliza habari za waliomo, anajibu za kwao, ndipo chumvi. Ukianza na chumvi unarudishwa mlangoni ukaanze upya.

Basi kwenye kiraka cha kwanza niliandika, kwa Kiingereza changu cha heshima, kwamba natumaini msimamizi ni mzima, na familia yake, na watoto kama amejaliwa. Niliomba radhi kwa kumsumbua. Kisha ndipo nikasema kwamba nimehamisha faili. Nilipofika kiraka cha pili, nikawaza: je, hiki kikisomwa na mtu mwingine? Utaingiaje nyumba sita ukasalimia moja? Nikaweka salamu kwenye vyote sita. Na kila kimoja nilikibadilishia maneno kidogo, asije mtu akaona amepewa salamu za kiporo.

Nilituma baada ya swala ya alasiri. Jibu lilikuja kesho yake nikiwa dukani.

“Mimi mzima, na watoto wazima, ahsante kwa kuuliza,” msimamizi aliandika. “Lakini maneno yaliyo juu ya ule mstari wa vistari vitatu huingia kwenye historia ya kerneli na hayatoki tena. Mtu anayetafuta hitilafu miaka ijayo atakutana kwanza na hali ya watoto wangu. Salamu ziandike chini ya mstari. Huko tunazisoma sisi, kisha haziendi mbele. Pia, kiraka cha nne kinahamisha faili na kulirekebisha kwa pamoja. Kitenganishe. Toleo hili nalifunga Jumapili.”

Masikio yalipata moto. Kiraka cha nne ndicho kilichokuwa na kihisi cha mjomba. Niliona msimbo wake una vumbi nikaona aibu kuuhamisha hivyo hivyo, nikausafisha njiani. Sikufikiri kwamba kitu kikihamishwa na kubadilishwa kwa mara moja, msomaji hawezi tena kuona kilichobadilika.

Dada alisoma akiwa nyuma ya bega langu, akacheka mpaka mteja naye akacheka bila kujua kinachochekesha.

“Umemuuliza mzungu hali ya watoto mara sita?”

“Sijui hata kama ni mzungu.”

“Na kama hana watoto je?”

“Niliandika ‘kama amejaliwa’.”

“Ee Mola wangu! Kaka, wewe ungetengeneza kengele ya moto, nyumba ingeisha tungali tunaulizana habari za asubuhi.”

Nyumbani nilikaa na sahani yangu bila kula. Bibi yangu huniita mume, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na kompyuta yangu anaiita mke mwenzie.

“Mume wangu, huyo mwenzangu kakufanya nini leo?”

“Nimekosea, bibi. Nimetuma salamu pasipotakiwa.”

“Ulijibiwa au hukujibiwa?”

“Nilijibiwa.”

“Na watoto wazima?”

“Wazima.”

“Basi kula. Mimi nilidhani kakuacha, nikaanza kufurahi.”

Jumamosi nilikaa kuandika upya. Mwanzoni nilitunga ombi la radhi refu kuliko salamu zote sita. Nilipochoka nalo nikafungua historia ya kerneli, nikasoma maelezo ya viraka vya watu wengine. Yalikuwa mafupi: kilichofanyika, na sababu yake. Siku zote niliyaona makavu. Safari hii nilimfikiria yule mtu wa miaka ijayo, ambaye kifaa chake kimegoma na mwenye kukitaka amesimama kando yake. Huyo hahitaji nimuulize habari zake. Anahitaji aelewe haraka nilichofanya.

Nikaandika kila kiraka kwa sentensi mbili. Kile cha nne nikakigawa: kimoja cha kuhama, kingine cha kusafisha. Chini ya mstari wa vistari vitatu, mahali palipotengwa kwa ajili hiyo, nikamsalimia msimamizi mara moja, bila haraka, na watoto wake pia. Nikatuma kabla sijapata sababu ya kutotuma.

Jumapili jioni alijibu kwamba amevipokea vyote. Aliongeza kuwa folda mpya inahitaji mtunzaji, mtu wa kusoma viraka vya wengine watakaoigusa, na akaniuliza kama niko tayari kuandika jina langu kwenye faili la watunzaji.

Nilitembea uani mara kadhaa. Je, niandike majina mawili au matatu? Na nikishindwa, si dunia nzima itaona? Mwishowe niliandika yote matatu, na la babu likiwemo, kisha nikampigia simu mjomba. Hakuelewa folda wala mtunzaji. Alichouliza ni kama mashine itaendelea kufanya kazi. Nikamwambia itaendelea, na ikigoma, mtu wa kuulizwa ni mimi.

“Haya,” alisema, “maana msimu unaanza.”

Wiki iliyofuata barua ya kwanza ilinijia kama mtunzaji. Mtu wa nchi ya mbali ana kihisi cha unyevu wa udongo na hajui kiendeshi chake akiweke wapi. Nilimweleza kwamba nafasi yake ipo, nikamwonyesha faili la kufuatisha, nikatuma palepale dukani huku mashine ya fotokopi ikitoa vyeti vya mteja. Nilipokuja kulisoma tena jibu langu nikaona nimekosea herufi moja katikati. Nikaliacha kosa lile lilivyo, nikaenda kumkatia mteja risiti.