Baridi Iliyotukusanya

Enzi zetu baridi ilikuwa baridi. Si hii ya hapa ughaibuni, Fairfield, ambayo watu wanaivalia glavu kutoka mlangoni mpaka kwenye gari, kisha wanaisimulia siku nzima. Mimi nimezaliwa Makete, juu kabisa, na nyinyi wenzangu mliokulia nyanda za juu mnajua ninachosema. Ndoo ya maji ikilala nje, asubuhi unayavunja kwa mchi.

Mwezi wa sita na wa saba, miezi ile ile ya baridi ya huku, tuliamka tukakuta nyasi zote nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Ukikanyaga zinalia kama mtu anayetafuna bisi, na tulizikanyaga pekupeku, maana viatu vilikuwa vya mwalimu na mchungaji. Visigino vilipasuka mpaka ungeweza kuficha punje ya njegere mle ndani. Dawa tuliijua. Njiani kwenda shule tunamwamsha ng'ombe wa watu kwa teke la upole, akiinuka tunajazana pale alipolala, pana joto utadhani tumetandikiwa. Na akikojoa, hiyo ilikuwa sikukuu. Tulisukumana kuweka miguu. Mjukuu wangu Neema nilipomsimulia alikimbia kunawa mikono, yeye ambaye huyo ng'ombe hata hajamgusa.

Siku zisizo na shule tulipanda mlima na kipande cha ngozi kavu, tukakikalia watatu watatu, tukateleza juu ya sakitu mpaka kwenye matope ya mtoni. Kaka yetu alirudi siku moja kaptura haina makalio. Tukangoja fimbo. Mama akamtazama nyuma, akasema, "Mwacheni. Baridi itamchapa."

Shule yenyewe niliishia darasa la nne, nikaenda kuchuma pareto, vidole vimekufa ganzi hadi unauma kimoja kuhakikisha ni chako.

Lakini uhai ulikuwa ndani, kwenye moto. Nyumba yetu ilikuwa na moto mmoja, katikati, na moto ule ulikuwa na sheria. Aliyeleta kuni mchana anakaa karibu. Asiyeleta anakaa mlangoni, upepo umtafune mgongo. Hakuna kulia, hakuna kusema mimi mdogo. Baba hakuangalia uso, aliangalia mzigo.

Mwaka nilipougua kifua nilishindwa kwenda msituni. Dada yangu Eliza akawa anabeba mizigo miwili, mmoja kichwani, mwingine mgongoni, amepinda kama mkongojo. Akifika anautua wa pili mbele ya baba na kusema, "Huu wa mdogo wangu." Baba alijua. Wote tulijua. Alisogea tu, nikapita. Nikakaa pale katikati, viazi vinaiva majivuni, moshi unatutoa machozi, mguu wa huyu juu ya mguu wa yule, bibi anakohoa, anatukana na kutoa hadithi, vyote kwa pumzi moja. Msinidanganye kwamba tulipendana kwa sababu tulikuwa watu wema. Tulipendana kwa sababu ukikaa mbali unaganda.

Hapa ninaishi kwa binti yangu Upendo, muuguzi, anafanya kazi hospitali ya Westmead. Nyumba nzuri, sina la kusema. Kila chumba kina hita yake. Wajukuu wakitoka shule kila mmoja anaingia chumbani na simu yake, mlango unafungwa ili joto lisitoke. Joto lisitoke! Na mimi niko upande wa pili wa mlango. Nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza, na mkubwa wao akisikia njaa anamwandikia mama yake ujumbe kwenye simu, mama yake yuko jikoni. Upendo simlaumu, anatoka kazini miguu imevimba. Nasema ninachokiona.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikimwomba jambo moja tu, niende Makete nikaote moto na Eliza kabla mmoja wetu hajaondoka. Tuliozaliwa tumbo moja tumebaki wawili. Upendo hataki. Anasema kifua changu ni kile kile, na daktari amesema baridi ile itanimaliza. Nikamwambia kifua hiki kilikuwa kinavuta moshi wa kuni kabla yeye hajazaliwa. Tukanuniana, chakula tunapeana bila kutazamana. Mimi ni mkaidi, sifichi. Nikaamua nitakwenda, atake asitake.

Nikampigia Eliza kwa simu ya mwanawe kumwambia aandae kuni.

"Mdogo wangu," akasema, "unakuja kuota moto gani?"

Akanieleza polepole. Mwanawe amemjengea nyumba ya matofali, sakafu ya vigae vyeupe, na mle ndani moto hauwashwi, utachafua kuta. Wanapikia gesi. Ile nyumba ya baba ilianguka. Wajukuu wake nao wana vyumba na simu, wanafunga milango. Yeye amenunuliwa blanketi zito, anajifunika mapema. Nikamuuliza jioni anakaa na nani.

"Na redio."

Akacheka, na mimi nikacheka, kisha sote wawili tukakohoa. Akaniambia nisije kufia njiani kwa ajili ya moto uliokwisha kuzimika, nimpigie tu, sauti inatosha. Haitoshi, naye anajua haitoshi.

Upendo aliporudi kutoka kazini nikamwambia basi, safari nimeiacha. Akanishika bega, akafurahi kabisa kwamba hatimaye nimemsikia daktari. Nikamwacha aamini hivyo. Ningemwelezaje kwamba baridi ya Makete iko pale pale, ila siku hizi watu wamejifunza kuganda kila mmoja chumbani kwake?