Masikio ya Fundi wa Nozeli

Kaka yangu ni fundi wa magari, na pale gereji kila mtu anamwita Masikio. Si kwa ukubwa wa masikio yake, ingawa na hapo Mungu hakumpunja. Ni kwa sababu gari likiletwa linatetemeka na kukohoa, mafundi wengine huanza kufungua hiki na kile, lakini yeye huchukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha juu ya nozeli moja baada ya nyingine huku injini inaunguruma, mpini akaubana nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha husema, "Ya tatu imekufa." Wakiifungua ya tatu, imekufa kweli.

Mimi nauza vipuri kwenye kibanda kilichopakana na gereji hiyo, kwa hiyo mambo haya nimeyajua kwa kuelezwa na yeye, tena bila kuomba. Biashara ikilala tu, anakuja kunipa somo. Petroli, anasema, haiendi kwenye injini kwa hiari yake. Ndani ya tangi kuna pampu inayoisukuma. Inapita kwenye chujio, inaacha uchafu, inafika kwenye reli, yaani lile bomba lililolala juu ya injini, na hapo inasubiri ikiwa imebanwa vilivyo. Kuna kidude kinacholinda mbano usizidi, na petroli ya ziada inarudishwa ilikotoka. Kwenye reli ndiko zilikochomekwa nozeli, moja kwa kila silinda. Kila nozeli ina sindano ndani yake na sumaku ya umeme juu ya sindano. Umeme ukija, sumaku inavuta, tundu linafunguka, petroli inatoka kama ukungu. Umeme ukikatika, tundu linajifunga. Huko kufunguka na kujifunga ndiko kunakogonga tik tik tik, upesi kuliko cherehani ya mtu mwenye haraka.

Nilimuuliza siku moja ni nani anayeiambia nozeli ifunguke muda gani. Akasema ni kompyuta ya gari, ila kompyuta yenyewe haioni kitu. Inategemea sensa. Moja inapima hewa inayoingia, nyingine joto la injini, nyingine imekaa kwenye ekzosi inanusa moshi kama petroli imezidi au imepungua. Sensa ikidanganya, kompyuta nayo inamwaga petroli kufuata uongo ule ule, bila wasiwasi wowote. Mteja anakuja juu, anataka kompyuta ing'olewe. "Haina kosa," kaka anasema. "Imejibu ilichoambiwa."

Haya yote anayasema kwa sauti ya chini mno. Nimemwambia mara nyingi aongee kama mtu aliyekula, na yeye hutabasamu tu na kuendelea.

Yeye na wifi yangu walikuwa na binti mmoja, hajaanza hata shule. Alifariki mwaka juzi. Ilikuwa Jumapili mchana, wifi ametoka kwenda kumwangalia mama yake aliyekuwa mgonjwa, kaka amebaki nyumbani na mtoto. Homa ilipanda ghafla. Wifi aliporudi alimkuta mtoto chumbani amelegea, macho yamegeuka, na kaka yuko sebuleni, anadhani mtoto amelala. Wakamkimbiza hospitali. Hawakurudi naye.

Baada ya hapo nyumba ile ilipooza. Ukienda unakaribishwa, unapewa chai, lakini unaona kabisa kwamba wenye nyumba hawapo. Mwaka huu wifi akafunga mizigo akarudi kwa mama yake. Kaka alikuja gereji kama kawaida, akashika bisibisi yake, akafumba macho.

Mimi sina moyo wa kutazama mambo ya namna hiyo nikanyamaza. Nikamfuata wifi. Nilimkuta anakunja nguo, akaendelea kukunja huku anazungumza.

"Tulipotoka kuzika nilimuuliza kaka yako," akasema. "Nilikuwa nimelala, nimejifunika shuka hadi usoni, sikuweza kumtazama. Nikamwambia, 'Unaona ni kosa langu, si ndiyo? Kwa kuwa nilitoka.' Akanijibu, 'Ndiyo, mama.' Kwa upole kabisa, kama mtu aliyeombwa chumvi."

Alikaa na jibu hilo tumboni muda wote ule. Halafu siku moja, anaosha vyombo, mgongo kampa mumewe, akasema anaona bora aondoke. Akajibiwa, "Sawa, mama." Basi akaondoka.

"Ametia pamba masikioni, wifi," akaniambia. "Mashine anazisikia. Mimi hanisikii."

Nilirudi gereji damu inachemka. Kaka alikuwa ameinama kwenye gari, kanipa kisogo. Nikaanza kumporomoshea matusi tangu getini, ambayo marehemu mama yetu angeyasikia angenichapa. Fundi wa rangi upande wa pili aligeuka. Mwenye duka la matairi alitoka nje. Kaka hakutikisika. Nikasogea hadi nyuma yake, nikapiga makofi karibu na sikio lake. Nilipomgusa bega ndipo aliporuka.

Nikafunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba najifuta, nikamuuliza, "Wewe ni punda?"

"Ndiyo, dada," akasema, na akatabasamu.

Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini. Siku ile niliushusha mkono, nikamuuliza polepole kama anasikia, auone mdomo wangu, na hapo akashindwa kukwepa. Utotoni masikio yake yalikuwa yakitoka usaha, hilo nalikumbuka hata mimi. Kusikia kukaanza kupungua kidogo kidogo, hadi sauti za watu zikaisha. Injini anaisikia kwa sababu mlio unapanda kwenye chuma cha bisibisi na kuingia kwenye mfupa nyuma ya sikio, hauhitaji kupita kwenye tundu la sikio. Watu anawasoma midomo. Akiona mtu anatikisika kama anayezungumza, lakini midomo haioni au haelewi, anajibu ndiyo au sawa, kwa kuwa majibu hayo mawili hayamkeri mtu.

Nikamweleza aliyoyakubali. Shuka, vyombo, yote. Alikaa juu ya tairi bovu akalia bila kujificha, mafundi wanamwona. Nikadhani sasa mambo yamekwisha, nikamwambia nakwenda kumleta mkewe. Ndipo akanishika mkono kwa nguvu.

"Mwambie chochote," akasema. "Usimwambie kwamba sisikii."

Nikaona ni kiburi, au anaogopa kupoteza jina lake la Masikio. Nikamwambia mke haachiwi aende kwa ajili ya aibu ya kijinga namna hiyo. Nikaenda.

Wifi hakuamini. Mtu anayesikia sindano ndani ya chuma, aliniuliza, atashindwaje kumsikia mkewe chumbani? Maneno hayakufaa kitu, kwa hiyo nikamvuta aje ajionee. Tulimkuta kaka juu ya injini iliyozimwa, anachomoa waya za nozeli moja moja. Wifi akasimama nyuma yake.

"Baba," akaita. Akaita tena kwa nguvu. Kisha akashusha sauti, akasema na mgongo ule, "Mimi ni mkeo. Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani."

Kaka akapuliza vumbi kwenye soketi ya waya, akaendelea na kazi.

Wifi akashika mdomo. Machozi yakamtoka na kicheko juu yake, akanigeukia akasema, "Kumbe hakunijibu. Wifi, kumbe siku ile hakunijibu mimi." Sikuwa nimeuona uso wake umefunguka hivyo tangu msiba. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Kaka alipogeuka, wifi alimshika uso kwa mikono yote miwili, hakujali grisi, auone vizuri mdomo wake. Akamuuliza kwa nini hakumwambia. Kaka alinitazama mimi, bila hasira, na nikaanza kuelewa nilichokileta pale.

Naye wifi akaelewa. Niliona mikono yake inaachia taratibu.

"Tangu lini?" akauliza. "Tangu lini husikii, baba?"

Kaka angeweza kusema sawa. Angeweza kusema ndiyo, kama alivyozoea.

"Kabla ya Jumapili ile," akasema. "Nilikuwa sebuleni naosha nozeli. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi."

Wifi akauliza, midomo yake ikitamka kila herufi, "Mtoto alikuita?"

"Sijui, mama," kaka akasema. "Sijui."