Meza Yangu ya Vita Imemponza Mzee wa Watu

Ndugu Mhariri, jina langu libaki kwako peke yako, na wasomaji wanisamehe. Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka thelathini na mbili, sijaolewa, kwetu ni Bukoba. Miaka minne iliyopita nilipangiwa kazi huku chini ya mlima Hanang. Watoto wa shule ni wasikivu, sina ugomvi na mtu, lakini majumbani watu wanaongea Kiiraqw na mimi naambulia maneno mawili matatu tu. Jioni nikifunga mlango, siongei tena mpaka asubuhi.

Mchezo wangu ni vita. Chekeni tu, nimezoea. Marehemu baba alikuwa askari wa Mwingereza kule Burma, na aliporudi alinifundisha kupanga vita mezani kwa sababu hakuna mtu mwingine nyumbani aliyetaka kumsikiliza. Nafinyanga askari wa udongo wenye kimo cha kidole, nawakausha juani, nawapaka wino wa shule. Kila askari anasogezwa kwa kipimo cha rula na kupiga kwa kurusha dadu, na vita vyenyewe ni vile vilivyotokea kweli, hasa Majimaji. Kazi kubwa ni kutengeneza nchi yenyewe ya kupigania. Magunia makuukuu nikiyachovya kwenye uji mzito na udongo yanakuwa milima, na nyuzi za katani zinakuwa miti. Lakini ukicheza peke yako unajua adui anawaza nini, na hapo utamu umekwisha.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mkulima wa upande wa Gitting, aliyefiwa na mkewe, ambaye alikuwa ananiletea maziwa. Siku moja aliona askari wangu wamekaa juani, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo alikuja kila Jumamosi. Nikimwambia shikamoo, anaitika marahaba huku macho yameshafika mezani.

"Mimi Mjerumani sikubali kuwa, mwalimu," aliniambia mapema kabisa. "Baba yangu walimbebesha mizigo yao mpaka mabega yakaota sugu. Mjerumani utakuwa wewe."

Basi miaka mitatu nimekuwa Mjerumani. Nikikaribia kushinda, mzee anaisukuma dadu kwa kidole. Nilikuwa namwona na kunyamaza, kwa sababu nilifurahi kuwa na mtu wa kuniibia.

Mwaka jana akaichoka milima yangu ya kubuni. Alisema haina maji wala njia ya ng'ombe, tutengeneze kwao. Tukatengeneza mteremko wao wote, yeye akielekeza na mimi nikibandika: kila boma, kila chemchemi, na korongo moja nyuma ya msitu ambalo ukiwa barabarani hulioni kabisa. Humo ndimo alimowaficha askari wake wa Majimaji. Mimi nikapita na Wajerumani wangu kama kipofu, nikapigwa vibaya, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Kisha ukaja wakati huu wa kuhamia vijijini. Siipingi siasa hiyo, naifundisha darasani. Lakini baadhi ya watu wa mlimani walichelewa kushuka, na hakuna aliyejua wamejificha wapi. Katibu Kata alikuja shuleni kwa mambo ya vyoo, akapita kwangu kunisalimu, akaiona meza. Aliizunguka mara kadhaa.

"Mwalimu, hii ni kazi ya kitaalamu," akasema. "Kamati yangu haielewi ramani za karatasi. Niazime kwa ajili ya kikao."

Jamani, nilijisikia. Tangu nifike hakuna mkubwa aliyewahi kusifu kazi ya mikono yangu. Nikampa bila kumuuliza mzee, tena nikaifuta vumbi kwanza. Nilidhani watapanga viberiti kuonyesha nyumba mpya, na kweli walivipanga, safu mbili kando ya barabara. Lakini waliliona na lile korongo. Mgambo walikwenda pale moja kwa moja, wakazikuta familia na mifugo yao, zikashushwa siku hiyo hiyo mvua ikinyesha. Ng'ombe wengi walipotea.

Sasa majirani wanasema mzee aliitengeneza ile meza kwa ajili ya Katibu, na kwamba Jumamosi zote zile alikuwa analeta habari. Hakuna anayekwenda kuomba moto kwake. Hawamwiti kulima pamoja. Nilimfuata kwenye kibanda chake kipya barabarani nikamwambia, "Shikamoo, baba." Hakuitika. Nilisimama pale nikiona aibu.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "mimi nilikuonyesha pale kwa sababu wewe ulikuwa Mjerumani wa udongo." Halafu akageukia barabarani. "Rudi nyumbani. Wakikuona hapa watasema tunaendelea."

Meza imerudishwa. Katibu ameleta na shukrani, anataka nimtengenezee nyingine ya upande wa Getanuwas. Nimemdanganya kwamba naumwa mkono. Baada ya mavuno kutakuwa na mkutano wa kijiji, na mimi peke yangu ndiye ninayeweza kusimama na kusema kwamba ulikuwa mchezo, kwamba mzee hakujua, kwamba aliyeitoa meza ni mimi. Nikisimama, Katibu ataandika kuwa mwalimu anapinga vijiji, na kazi ndiyo basi tena, na nyuma yangu kuna mama mzee anayenitegemea. Nikinyamaza, mzee atakufa akiitwa msaliti. Tena hata nikimsafisha, sidhani kama atarudi kukaa mezani kwangu.

Ninyi mnaousoma ukurasa huu ni wengi na mmeona mengi. Nisimame, au ninyamaze? Nishaurini kabla ya mavuno, maana huku sina mtu wa kumuuliza. Niliyekuwa namuuliza mambo yangu yote ni yeye.