Rangi ya Ubao kwenye Taa za Kaka

Amri ilitoka redioni. Kila gari lipakwe rangi nyeusi kwenye taa za mbele, ubaki ufa mwembamba tu wa kumulika barabara, ili ndege za adui zisiuone mji. Dereva atakayekutwa na taa wazi atahesabiwa kuwa anamwonyesha adui njia. Kampala nzima ilijua maana ya kuhesabiwa hivyo. Miaka hiyo watu walikuwa wakitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe, pale sokoni, nasi wengine tukiinamisha vichwa na kuendelea kuchagua nyanya.

Kaka yangu alikuwa na pikapu kuukuu. Alibeba makaa kutoka upande wa Bombo hadi Bwaise, tulikokuwa tukiishi: yeye, mkewe, watoto wao watatu, na mimi dada mtu, mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa na sina haraka. Baba yetu alikuwa askari polisi kutoka kaskazini. Tulikulia kwenye kambi za polisi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha yetu ya nyumbani.

Rangi haikuwepo. Madukani hapakuwa na chochote wakati ule, hata chumvi tulikuwa tukiisikia kwa jirani. Kaka akasema kuna fundi Namuwongo, karibu na reli, ana rangi ya mafuta amebakiza kwenye debe, ataenda kumwomba.

"Namuwongo ya nini?" nikamwambia. "Vizuizi vitatu njiani, wanajeshi wamelewa tangu asubuhi. Rangi nitakutengenezea mimi hapa hapa."

"Wewe mwalimu, wewe fundi pia?"

"Ubao wangu nani anaupaka?"

Hapo nilimweza. Rangi ya ubao ilikuwa haijaletwa shuleni kwa miaka, na sisi walimu tulijifunza kujitengenezea. Unapasua betri kuukuu za redio, unatoa ule mkaa wa ndani, unautwanga hadi uwe unga laini. Unapika uji mzito wa muhogo, unachanganya, unapaka kwa kitambaa. Ubao wangu ulikuwa mweusi kuliko wa mwalimu mkuu, na nilipenda watu wajue hivyo. Sikuficha wakati ule, na sioni faida ya kuficha sasa.

Jumapili baada ya chakula nikakaa mbele ya pikapu na kopo langu. Nilipaka taa ya kwanza, nikangoja ikauke juani, nikarudia. Wifi alishika kipande cha kadibodi kuziba mahali pa ufa ili mstari usipinde. Tulicheka, nakumbuka, maana kaka alikuwa akitusimamia kama mkaguzi wa elimu. Kazi ilipoisha, jirani mwenye teksi alikuja kuangalia, akagusa kioo kwa kidole. Kidole kikatoka safi. Akaniomba nimpakie na za kwake, nikamwambia betri zimekwisha, na sifa zile zikanikaa vizuri moyoni.

Kaka peke yake ndiye aliyelalamika. Ufa ulikuwa mwembamba mno.

"Sioni kitu," alisema juma lile, kila akirudi magharibi. "Iko siku nitafuta hii kitu yenu."

"Ukifuta nakuacha," wifi akamjibu, nusu utani.

Siku tisa alikwenda na kurudi. Ya kumi, mvua ikaanza alasiri. Ilikuwa mvua ya masika ya Bwaise, ambayo haikawii kuingia ndani na kukukuta kitandani. Mimi na wifi tulikuwa tukipandisha magunia ya unga juu ya meza. Saa kumi na mbili ikapita, kaka hajafika. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja wa Kinubi aliyekuwa akiuza makaa na ambaye kaka humpa lifti, ameloa chapachapa, kiatu kimoja hana.

"Wamemchukua," alisema. "Kwa roodi bloko. Mimi iko nyuma, chini ya turubai, siangalii mbele. Nasikia tu askari nasema, 'Taa yako iko wazi! Wewe naonyesha adui njia!' Yeye nasema, 'Afande, nilipaka, haki ya Mungu nilipaka.' Wakamupiga. Wakamuingiza kwa gari yao. Mimi wakaambia kimbia, nikakimbia."

Wifi aliketi sakafuni, kwenye maji. "Alifuta," akasema. "Mungu wangu, huyu mtu alifuta. Nilimwambia!"

Nami nilikuwa nimekwisha jua. Nilitoka kama ninayekwenda kumwitia jirani, nikazunguka nyuma ya nyumba. Kopo langu lilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha la jiko, na masalio ya rangi yaliyokaukia ndani yalikuwa yamegeuka maji meusi, yanafurika na kuteremka ukutani. Uji wa muhogo! Darasani mvua hainyeshi. Miaka yote ile sikuwahi kuipaka mahali panapolowa, na haikunipitia akilini hata siku moja. Nilichukua kopo nikalimwaga mtaroni, nikalisuuza, nikaufuta ukuta kwa kiganja. Kisha nikaenda kumwita jirani.

Asubuhi tulikwenda Mbuya, kwenye kilima cha makao ya jeshi. Tuliamini jina la baba lingetufaa, polisi wa zamani, mtu wa kaskazini. Askari wa langoni alikuwa kijana wa kwetu kabisa. Alitusikiliza, akatazama pembeni.

"Mama zangu, rudi nyumbani," alisema. "Kama iko, atakuja yenyewe. Hapa msirudi tena."

Tulirudi mara nne. Mara ya nne kijana yule hakuwepo, na aliyekuwepo alituelekezea bunduki. Majuma machache baadaye mizinga ikafika, serikali ikakimbia, milango ya magereza ikafunguliwa. Tulisimama barabarani siku tatu tukitazama nyuso za waliotoka. Kaka hakuwemo. Hata pikapu hatukuiona.

Matanga tuliyafanya bila maiti. Wazee walimuuliza wifi ilikuwaje, akawaeleza: alipakiwa taa, akazifuta kwa ukaidi wake, ili aone barabara. Wazee wakatikisa vichwa. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nimemshika mkono. Nilisema moyoni, nitamwambia akitulia. Alipotulia nikasema, nitamwambia watoto wakikua kidogo. Niliogopa atanifukuza, ndiyo, lakini zaidi niliogopa macho yake.

Hivyo ndivyo kaka alivyobaki nyumbani kwake. Mtoto akikataa kuvaa sweta, mama yake humwambia: unataka kuwa mkaidi kama baba yako? Akichelewa kutoka shule: ukaidi huo ndio uliomuua baba yako. Mtu aliyetii amri, akanitii na mimi, asiende Namuwongo.

Wifi alifariki akiwa bado amemkasirikia. Tulipotoka makaburini, binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka sita baba yake alipochukuliwa, alinishika mkono kando, mbali na wenzake. Yeye mwenyewe ana watoto sasa.

"Shangazi," akasema, "mimi simkumbuki vizuri. Nakumbuka mtu mpole tu. Kweli baba alikuwa mkaidi vile mama alivyokuwa akisema?"

Hapakuwa na mtu mwingine karibu. Wifi hayupo tena wa kunitazama kwa macho yale niliyoyaogopa.

"Kidogo, mwanangu," nikamjibu. "Alikuwa mkaidi kidogo."