Mchanga wa Tramu kwenye Sufuria ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama nje ya lango la karakana mpaka mvua iliponilazimisha kuingia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kuongea na watu nisiowajua kulinitoa jasho. Fundi mkuu hakuniuliza lolote. Alinipa ovaroli na brashi ya waya, akanionyesha gurudumu. "Kutu yote itoke," alisema. Nikafurahi. Gurudumu halikuulizi habari za shule.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujitolea kwenye makumbusho ya usafiri, hapa London, tulipokuwa tukiifufua tramu ya zamani, lile gari la umeme linalopita kwenye reli. Kutoka magurudumu nilihamishiwa viti, ambavyo maegemeo yake hugeuzwa tramu ikifika mwisho wa njia, ili abiria wasirudi kinyumenyume. Kutoka viti nikapandishwa cheo: masanduku ya mchanga.

Ninyi mnaokuja baada yangu mtacheka, lakini reli zikilowa, tramu haisimami vizuri bila mchanga. Chuma juu ya chuma huteleza kama sabuni. Dereva hukanyaga pedali, mchanga ukateremka kwenye bomba hadi mbele ya gurudumu, nalo likapata pa kushika.

Dereva wetu mtarajiwa alikuwa Mzee Harshad wa mtaa wa Tooting, mzaliwa wa Mombasa, fundi umeme mstaafu. Aliniongelesha Kiswahili, nami nilimjibu Kiingereza, mpaka akazoea. Miaka yote aliyofunga nyaya za tramu ile alikuwa akingoja kitu kimoja tu, kuiendesha. Mkaguzi wa usalama alikuwa anakuja Jumamosi. Kama breki zingeshindwa, tramu ingerudishwa ghalani, na Mzee, kwa magoti yake mabovu, asingeweza kuingoja tena.

Ijumaa baada ya shule nikatia mkono sandukuni. Mchanga ulikuwa baridi, ukashikana kiganjani kama unga wa maandazi. Kumbe paa la karakana lilikuwa linavuja. Fundi mkuu alikuwa anaongea na watu wa ofisini. Nikasimama nyuma yake. Nikaondoka. Nikarudi nikasimama tena.

"We binti," Mzee Harshad akaniita, "wataka choo ama wataka kusema?"

"Mchanga umelowa." Nilimjibu kwa Kiswahili, sijui kwa nini.

"Basi mwambie mkubwa! Mimi nitaufanya nini?"

Nikamwambia, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Wote wakageuka. Fundi mkuu akapanda tramu, akakanyaga pedali. Haikuteremka hata punje. Akavua kofia, akakaa kwenye ngazi. "Tutaukaushia wapi sasa?"

Mama yangu hupikia harusi na misiba ya kanisani kwetu, Peckham. "Mama ana sufuria," nikasema.

Mzee Harshad alitupeleka kwa gari lake, mimi na ndoo zangu. Mama akafungua mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Tumekuletea mchanga."

"Mchanga wa nini?"

"Wa kukaanga."

Mama akanigeukia. "Neema, huko makumbusho wanakufundisha nini?"

Lakini hakuweza kunitazama nikikoroga vibaya. Akaninyang'anya mwiko. "Hivyo utaungua chini! Punguza moto."

Jumamosi kulikuwa na manyunyu, reli zimejaa majani yaliyooza. Mzee Harshad akaiteremsha tramu kwenye mteremko wa uani. Magurudumu yakabanwa na breki, yakateleza, yakaendelea kuteleza. Kisha nikasikia mchanga ukisagika, kachakacha, na tramu ikasimama kabla ya alama ya mkaguzi.

"Imefaulu," alisema mkaguzi.

Mzee Harshad hakushuka. Aliweka paji la uso juu ya mpini wa breki. Nikamuuliza kama yuko salama.

"Niko salama, binti. Niache kidogo. Nitashuka."

Sasa nimestaafu, maana mitihani imekaribia. Magurudumu nimewaachia safi. Sufuria Mama ameikataa katakata, kwa hiyo iko kwenye rafu karibu na mlango wa karakana, mwiko ndani yake. Kagueni mchanga kabla ya kila safari. Mkikuta umelowa, msisimame nyuma ya fundi mkuu kama mimi. Mwambieni.